Barua ya Wazi: Wanafunzi Wafundishwe Usalama wa Njia Kabla ya Kuhesabiwa Mita

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Kwa Mkuu wa Shule,
Kwa Maofisa wa Elimu mnaosimamia michezo katika shule za sekondari.

Waheshimiwa,

YAH: MAZOEZI YA STAMINA YA KUOGELEA NA USALAMA WA WANAFUNZI KATIKA NJIA ZA BWAWA

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya michezo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwafundisha kuogelea wanafunzi wa sekondari. Ninawaandikia mbele ya umma kwa sababu nimekwisha kubisha kila mlango niliopaswa kubisha: nilizungumza na mkuu wa idara, nikauandikia uongozi wa shule, kisha nikapeleka nakala kwa ofisi iliyo juu ya shule. Jibu nililopewa ni kwamba suala hili litaangaliwa. Ratiba mpya imetoka, kipindi kimebaki kilekile, na wanafunzi wanaingia majini kwa utaratibu uleule niliolalamikia. Siandiki nikitaka mtu yeyote aadhibiwe. Naandika kwa sababu ninaamini kwamba mtoto ataumia vibaya katika kipindi hiki, na kwamba jambo hilo linaweza kuzuiwa bila gharama kubwa.

Kinachofanyika ni hiki. Darasa zima linaingizwa bwawani, linagawanywa haraka haraka katika njia zilizopo, yaani sehemu ndefu za bwawa zinazotenganishwa kwa kamba zinazoelea, kisha linaambiwa liogelee bila kusimama hadi firimbi ilie. Mwishoni kila mwanafunzi anataja idadi ya mita alizoogelea, na idadi hiyo ndiyo alama yake ya stamina. Hakuna mahali katika mpango wa somo panapoelekeza kwamba mwanafunzi afundishwe kushika upande upi wa njia, kuondoka ukutani baada ya muda gani, kupumzika wapi akichoka, au kumpita vipi aliye mbele yake. Anatarajiwa kuyajua mambo hayo kwa kuwatazama wenzake, ambao nao hawakufundishwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu nusu yao wakiwa na umri wa chini ya miaka 29. Miongoni mwa hatua ambazo shirika hilo linazipendekeza ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea pamoja na stadi za usalama majini. Mambo hayo mawili yametajwa kwa pamoja, nasi tumechukua moja. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Wanafunzi wanagongana, na mpango wa somo ndio unaowagonganisha.

Kwa wajumbe ambao hawajawahi kufanya mazoezi bwawani, naomba nieleze kidogo. Kanuni za World Aquatics, shirikisho ambalo hadi mwanzoni mwa mwaka 2023 liliitwa FINA, zinataka njia ya mashindano iwe na upana wa mita 2.5. Siku ya mashindano upana huo ni wa mtu mmoja. Siku ya mazoezi unatumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hilo linawezekana tu ikiwa wote wataogelea kwa mzunguko, yaani wanakwenda wakishika upande mmoja wa mstari mweusi uliochorwa sakafuni mwa bwawa na kurudi kwa upande wa pili. Kama ni kulia au kushoto haijalishi, mradi wote wamekubaliana kabla ya wa kwanza kuondoka ukutani.

Mwanafunzi wa sekondari mwenye mwendo mzuri huogelea kama mita 1 kwa sekunde. Wawili wa aina hiyo wakielekeana hukaribiana kwa mita 2 kila sekunde, vichwa vikiwa mbele, na hakuna kati yao anayeona kinachomjia: anayeogelea mtindo huru anatazama sakafu, na anayeogelea chali anatazama juu. Nimeshuhudia wawili wakigongana hivyo. Mmoja alipasuka juu ya jicho, na mwenzake alilegea majini mpaka tulipomshika. Katika daftari la matukio iliandikwa kwamba ilikuwa ajali ndogo, na kipindi kilichofuata kilifanyika kwa utaratibu uleule.

Hata wanafunzi wanaoufuata mzunguko hawako salama kwa idadi tunayoiweka katika njia moja. Hesabu yenyewe ni rahisi na naomba muifanye pamoja nami. Katika bwawa la mita 25, mwanafunzi anayekwenda mita 1 kwa sekunde humaliza mzunguko wa kwenda na kurudi kwa sekunde 50. Tukitaka kila mmoja aondoke sekunde 10 baada ya mwenzake, njia hiyo inawatosha watu 5, kwa kuwa zamu ya wa sita itakapofika, wa kwanza atakuwa amekwisha kurudi ukutani. Sisi tunaweka wanane na wakati mwingine zaidi. Nafasi inayobaki ni kama sekunde 6, tena kwa sharti kwamba wote wana mwendo mmoja, sharti ambalo katika darasa lenye wanafunzi wa kila aina halijawahi kutimia. Mwenye mwendo wa mita 0.7 kwa sekunde huhitaji karibu sekunde 36 kufika upande wa pili. Anayemfuata kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde humfikia kabla ya ukuta hata kama alichelewa kuondoka kwa sekunde 10 nzima. Akimfikia, hana alichofundishwa kufanya. Kwa hiyo anajitosa katikati ili ampite, na katikati kuna mwingine anayerudi.

Mambo ya kumfundisha hayana ugumu wowote. Anayetaka kupita anamgusa mwenzake mguuni mara moja, naye aliyeguswa anampisha watakapofika ukutani, kamwe si katikati ya njia. Anayepumzika anajibana kwenye kona ya ukuta ili anayegeuka apate nafasi. Anayeogelea chali anazitumia bendera zinazoning'inia mita 5 kabla ya ukuta, akihesabu mapigo ya mikono kutoka hapo hadi ukutani ili asigonge kichwa. Mtindo wa kipepeo na ule wa chura, ambao mikono au miguu hutanuka sana, haufanywi katika njia iliyojaa. Na kabla ya kujisukuma kutoka ukutani, mwanafunzi anainua kichwa na kutazama kama njia i wazi. Vipindi viwili vinatosha kuyafundisha haya, na baada ya hapo kinachohitajika ni kuyasimamia.

2. Zoezi la kuzuia pumzi chini ya maji bado linafanywa, tena kwa kushindanishwa.

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Baadhi ya vipindi humalizika kwa wanafunzi kupambanishwa ni nani atakayekwenda mbali zaidi chini ya maji bila kuvuta pumzi, na zoezi hilo limeandikwa katika mpango kuwa ni la kupanua mapafu.

Hamu ya kuvuta pumzi huletwa zaidi na kuongezeka kwa kaboni dayoksaidi mwilini kuliko kupungua kwa oksijeni. Mwanafunzi anayehema kwa nguvu na kwa haraka mara kadhaa kabla ya kuzama, kama wanavyofundishana wao kwa wao, huitoa kaboni dayoksaidi kwa wingi, ilhali oksijeni yake haiongezeki kwa kiasi cha maana. Akiwa chini anaogelea, misuli inatumia oksijeni, lakini kengele ya mwili inayomwambia apande juu haijalia. Oksijeni inaposhuka kupita kiasi anazimia pasipo dalili yoyote, na mwili wake unaojaribu kupumua unavuta maji. Wanaopatwa na hali hii mara nyingi ni waogeleaji hodari na wenye bidii, wale ambao mwalimu hana wasiwasi nao. Mtu aliye juu ya ukingo humwona ametulia chini na kudhani kwamba anaendelea na mashindano.

Hakuna kina cha maji wala urefu wa bwawa unaozuia jambo hili. Linaweza kutokea mahali ambapo mtoto angeweza kusimama. Sijaomba zoezi hili lipunguzwe. Nimeomba lifutwe, pamoja na desturi ya kuhema haraka kabla ya kuzama, na ninaendelea kuomba hivyo.

3. Wanafunzi wanachupa kichwa mbele kwenye kina kifupi.

Kanuni za World Aquatics zinataka pale penye vibao vya kuanzia pawe na kina kisichopungua mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi angalau mita 6 kutoka ukutani. Hicho ni kina cha chini kwa waogeleaji wa mashindano waliofundishwa kuchupa kwa pembe ndogo. Mwanafunzi anayejitupa tu upande wa kina kifupi anaweza kugonga sakafu kwa kichwa na kuvunjika shingo. Wakati wa kuanza mazoezi ya stamina hakuna sababu yoyote ya kuchupa: waingie miguu mbele, mmoja mmoja, pembeni mwa njia.

4. Alama inayotolewa kwa mita inamwadhibu mwanafunzi anayejali usalama.

Nawaomba mtafakari jambo hili kwa makini kwa sababu ndilo mzizi wa mengi niliyoyataja. Mwanafunzi anayesimama ukutani kumpisha mwenzake anapoteza mita. Anayeinua kichwa kutazama kabla ya kujisukuma anapoteza mita. Anayehisi kizunguzungu akapumzika anapoteza mita nyingi zaidi, na jina lake linasomwa mwishoni likiwa na alama ndogo mbele ya darasa. Kwa namna hiyo shule inamfundisha mtoto kwamba kila tendo la usalama lina gharama, na watoto wetu ni werevu, wanalielewa somo hilo upesi sana.

Kipimo hiki kina kasoro hata kwa upande wa utimamu wa mwili wenyewe. Maji yana uzito unaokaribia mara 800 ya ule wa hewa kwa ujazo uleule, na kwa hiyo mwili usiolala sawasawa majini hupata ukinzani mkubwa. Anayechoka huanza kushusha nyonga na miguu, kichwa kinainuka, mikono inapiga maji bila kuyashika vizuri, na kila mita inayofuata inamchosha kuliko iliyotangulia. Mita 200 za mwisho za mwanafunzi wa namna hiyo hazimjengei pumzi. Zinamzoesha mtindo mbaya na kumwumiza mabega. Walimu wa kuogelea wanajua dawa yake: umbali hukatwa vipande. Kwa mfano, baada ya kupasha mwili moto, mwanafunzi aogelee mita 25 mara nane, kila mara akipumzika sekunde 20 akitazama saa kubwa ya ukutani, kisha ahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 10 na kuzidisha kwa 6, halafu aogelee polepole kutuliza mwili. Baada ya majuma kadhaa umbali unaongezwa, au mapumziko yanafupishwa, kimoja kwa wakati. Ikumbukwe pia kwamba moyo hupiga polepole kidogo majini kuliko nchi kavu kwa juhudi ileile, hivyo majedwali ya mapigo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakimbiaji yasitumiwe bwawani kama yalivyo.

Zaidi ya hayo, mapumziko ya ukutani ndiyo yanayompa mwalimu nafasi ya kumwona kila mwanafunzi usoni. Katika kuogelea mfululizo sioni nyuso. Naona migongo.

5. Mtu mmoja anafundisha, anaandika mita na anatarajiwa kuokoa.

Wengi hudhani kwamba anayekufa maji hupiga kelele na kupunga mikono. Mara nyingi hafanyi hivyo. Mdomo wake uko sawa na uso wa maji, hana pumzi ya kuita, mikono iliyotanuliwa pembeni inakandamiza maji chini ili ajiinue, na hali hiyo inaweza kudumu chini ya dakika moja kabla hajazama. Mwalimu aliyeinamia karatasi yake ya alama kwa muda huo hataona wala kusikia chochote. Kazi ya kutazama maji lazima iwe ya mtu asiye na kazi nyingine, aliyefunzwa uokoaji, na anayejua kwamba ufufuaji wa aliyekufa maji una utaratibu wake: miongozo ya Ulaya inaelekeza kuanza kwa kumpulizia pumzi 5 na kisha kukandamiza kifua, kwa sababu kilichomwangusha ni kukosa oksijeni. Walimu wengi wa michezo tuliosoma huduma ya kwanza ya kawaida hatukufundishwa hivyo.

6. Taarifa za afya za wanafunzi hazifiki bwawani.

Mwanafunzi mwenye kifafa anahitaji mtu wa kumtazama yeye peke yake, na mwenye pumu anahitaji dawa yake ya kuvuta iwe ukingoni na si ndani ya begi darasani. Faili za afya zipo ofisini. Sijawahi kukabidhiwa orodha.

Waheshimiwa, ninazifahamu hoja ambazo huenda mkazitoa, kwa kuwa nimekwisha kuzisikia nikiwa ofisini.

Nimeambiwa kwamba muda hautoshi, na kwamba vipindi viwili vya kufundisha kanuni za njia ni vipindi viwili vilivyopotea. Lakini darasa lisilojua kanuni hupoteza muda katika kila kipindi: watu wanasongamana ukutani, wanagombana, wanasimama katikati ya njia, na firimbi inalia kuwatenganisha. Darasa linalojua kuzunguka huogelea zaidi ndani ya dakika zilezile.

Nimeambiwa kwamba wanafunzi wa sekondari si watoto wadogo, na kwamba wengi wao wanajua kuogelea. Kujua kuogelea peke yako katika bwawa tupu hakumaanishi kujua kuogelea na watu saba katika upana wa mita 2.5. Tena nguvu na kasi ya wanafunzi wa umri huu ndizo zinazofanya migongano yao iwe mibaya.

Nimeambiwa pia kwamba hajafa mtu. Ninashukuru kwamba ndivyo ilivyo, na ninawasihi msiigeuze bahati hiyo kuwa hoja ya kiutawala.

Hoja ya fedha ina uzito zaidi, nami siipuuzi. Mwokoaji mwenye cheti hulipwa, na kifaa cha kushtua moyo kinanunuliwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya ninayoyaomba ni mabadiliko ya ratiba, ya karatasi ya alama na ya mazoea yetu. Kama fedha za mwokoaji hazijapatikana, basi nusu ya darasa iingie majini na nusu ifanye mazoezi ya nchi kavu chini ya mwalimu mwingine, ili bwawa libebe watu wanaoweza kutazamwa.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na nimeyapanga kwa kadiri ya uharaka wake.

Kwanza, shindano na zoezi lolote la kuzuia pumzi chini ya maji lisimamishwe leo, na kuchupa kichwa mbele kwenye kina kifupi kupigwe marufuku kwa maandishi na kwa bango linaloonekana kutoka kila upande wa bwawa. Haya hayahitaji kikao wala bajeti.

Pili, asiwepo mwanafunzi anayefanya mazoezi ya stamina kabla ya kufundishwa na kupimwa kanuni za njia. Kipimo kiwe cha vitendo: aonyeshe kuzunguka, kupisha, kupita, kupumzika kwenye kona na kugeuka bila kumziba mwenzake. Njia zipangwe kwa mwendo, wa polepole wawe pamoja na wa haraka wawe pamoja, na idadi ya juu kwa kila njia iandikwe na kuheshimiwa.

Tatu, alama ya jumla ya mita ifutwe. Mahali pake tuwe na kipimo kinachomlinganisha mwanafunzi na hali yake mwenyewe ya mwanzo wa muhula, kinachohesabu pia ufundi wake na mwenendo wake ndani ya njia.

Nne, kila kipindi kiwe na mtazamaji wa maji asiye na jukumu jingine, na walimu wote wa michezo wapewe mafunzo ya uokoaji na ufufuaji wa aliyekufa maji, yanayorudiwa kila mwaka.

Tano, mwalimu apewe orodha ya afya kabla ya muhula kuanza, na kila mgongano, hata usioacha jeraha, uandikwe katika daftari linalokaguliwa na Bodi.

Niko tayari kuandika rasimu ya mpango mpya wa somo, kuileta mbele ya Bodi na kuitetea kipengele kwa kipengele. Niko tayari pia kumkaribisha mjumbe yeyote ukingoni mwa bwawa wakati wa kipindi, bila taarifa ya mapema, ili ajionee.

Ninaomba jibu la maandishi kabla ya kipindi cha kwanza cha muhula ujao. Likija au lisipokuja, nitaendelea kufundisha kama nilivyoajiriwa, lakini sitasimamia zoezi la kuzuia pumzi, sitaruhusu kuchupa kwenye kina kifupi, na sitaanzisha mazoezi ya stamina kwa darasa ambalo halijafundishwa kanuni za njia. Uamuzi huo nimekwisha kumjulisha mkuu wa idara kwa maandishi, na nakala ya barua hiyo iko tayari kwa mjumbe yeyote atakayeihitaji.

Kwa heshima,

Mwalimu wa Elimu ya Michezo